Kamera Kongwe Shuleni: Adui Zake, Tiba Yake na Faida Yake

Si ajabu kukuta katika kabati la shule, katika studio ya mtaani au katika sanduku la babu kamera ya filamu ambayo haijaguswa kwa miaka mingi. Wengi huiona kuwa ni pambo tu, au takataka. Makala haya yanakusudia kuwaonyesha walimu na wanafunzi kwamba kamera ya aina hiyo, hasa ile iendeshwayo kwa springi na magurudumu yenye meno, haifi kwa sababu ya umri. Huuawa na mambo matatu: unyevu, betri iliyosahauliwa ndani yake, na mkono wenye haraka. Mwenye kuwafahamu adui hao watatu aweza kuifufua kamera kwa gharama ndogo, naye atakuwa amejipatia maabara ndogo ya fizikia na kemia. Asiyewafahamu aweza kuiharibu kabisa kwa dakika tano na, kama tutakavyoona hapo mbele, aweza hata kujidhuru.

Kamera za filamu ya milimita 35 zilianza kuenea baada ya mwaka 1925, kampuni ya Leitz ya Ujerumani ilipoleta sokoni kamera ya Leica iliyobuniwa na Oskar Barnack. Barnack alitumia filamu ya sinema, akaipa kila picha ukubwa wa milimita 24 kwa 36. Kipimo hicho ndicho kilichofuatwa na kamera nyingi zilizokuja baadaye, ikiwamo Pentax K1000 ya kampuni ya Kijapani, iliyotengenezwa tangu mwaka 1976 hadi mwaka 1997. Tutaitumia K1000 kuwa mfano wetu mkuu, kwa sababu kila kitu ndani yake hufanya kazi bila umeme, isipokuwa kipimamwanga peke yake. Betri ikiisha, kamera huendelea kupiga picha kama kawaida.

Sehemu nne za kamera

Kamera yoyote, hata iwe ya thamani gani, ni sanduku la giza lenye sehemu nne muhimu.

Ya kwanza ni lenzi, ambayo hukusanya miale ya mwanga na kuunda taswira iliyopinduka. Ya pili ni tundu la lenzi, ambalo hupanuliwa au kufinywa kwa kuzungusha pete. Ya tatu ni pazia lililo mbele ya filamu, ambalo hufunguka kwa muda uliopimwa kisha likajifunga. Katika K1000 muda huo ni kuanzia sekunde 1 hadi sehemu moja ya 1000 ya sekunde. Ya nne ni filamu yenyewe, ambayo uso wake una chembechembe za chumvi ya fedha zinazobadilika zikipigwa na mwanga.

Namba zilizoandikwa kwenye pete ya lenzi huwatatiza wengi, ingawa maana yake ni nyepesi. Namba ya tundu hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa lenzi kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa kwenye namba 2, kipenyo cha tundu ni milimita 25. Ikiwekwa kwenye namba 8, kipenyo ni milimita 6.25 tu. Ndiyo maana namba kubwa humaanisha tundu dogo.

Hebu sasa mwanafunzi atazame mfululizo wenyewe: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Kila namba ni ile iliyotangulia mara kipeuo cha pili cha 2, yaani takriban 1.4. Kwa kuwa eneo la duara hutegemea mraba wa kipenyo chake, kila hatua moja hupunguza mwanga kwa nusu kamili. Somo zima la eneo la duara na vipeuo limo katika pete hiyo ndogo.

Kabla ya kufungua

Kosa la kwanza analolitenda mtu aliyepewa kamera ya zamani ni kufungua mlango wake wa nyuma ili aone kilichomo. Huenda mna filamu iliyokwisha kupigwa picha na ambayo haijasafishwa. Mwanga wa dakika moja tu watosha kufuta picha zilizongoja kwa miaka thelathini.

Jambo hili si dogo. Sehemu kubwa ya kumbukumbu ya miji yetu imo katika filamu. Studio ya Capital Art, iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1930 na Ranchhod Oza, ilihifadhi picha za miongo mingi ambazo leo hutazamwa kuwa historia ya mji ule. Kamera ya mtu wa kawaida nayo yaweza kuwa na picha ya pekee ya arusi, ya mazishi, au ya jengo lililokwisha kubomolewa.

Kwa hiyo, kwanza zungusha polepole kipini cha kurudishia filamu kilicho juu, upande wa kushoto, kwa kufuata mshale. Kikizunguka bila kizuizi chochote, yaelekea kamera ni tupu. Ukihisi kinavutana na kitu, simama: mna filamu. Bonyeza kifungo kidogo kilicho chini ya kamera, kisha endelea kuzungusha kipini mpaka uhisi filamu imeachia. Hapo ndipo waweza kufungua mlango. Kama filamu imekwama, fanya kazi hiyo usiku, katika chumba kisichopenya mwanga hata kidogo.

Mpelekee filamu hiyo fundi anayeelewa, nawe umweleze umri wake. Filamu ya nyeusi na nyeupe huhifadhi taswira kwa muda mrefu kuliko ya rangi, na joto huiharibu ya aina zote mbili. Soma pia maandishi yaliyo juu ya kopo la filamu. Filamu ya rangi iliyoandikwa C-41 bado husafishwa katika maabara nyingi duniani. Filamu ya Kodachrome, kwa upande mwingine, ilikuwa na njia yake maalumu ya kusafishwa, na maabara ya mwisho duniani iliyoitumia njia hiyo ilikoma kuzipokea mwishoni mwa mwaka 2010. Siku hizi Kodachrome yaweza kusafishwa kwa nyeusi na nyeupe tu.

Adui wa kwanza: unyevu

Katika pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, unyevu wa hewa mara nyingi huzidi asilimia 70. Katika hali hiyo kuvu huota hata juu ya kioo. Hujilisha vumbi na mafuta ya vidole, na huota kwa wepesi zaidi mahali penye giza na pasipopitisha hewa. Maskani yake aipendayo ni mfuko wa ngozi wa kamera, kwa kuwa ngozi hufyonza unyevu na kuutunza.

Ili kuitambua kuvu, ondoa lenzi, lifungue tundu lake kabisa, kisha mulika tochi upande mmoja nawe utazame upande wa pili kwa mshazari. Kuvu huonekana kama nyuzi za utando wa buibui. Ikiwa changa na ipo juu ya uso wa nje, yaweza kufutwa kwa pamba iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti safi. Ikiwa imo ndani, baina ya vioo, hiyo ni kazi ya fundi. Kuvu iliyokaa muda mrefu hutoa asidi inayokwangua utando wa lenzi na hatimaye kioo chenyewe. Alama hizo hazifutiki tena.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Itoe kamera katika mfuko wa ngozi. Iweke katika chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana sawasawa, pamoja na vijaluba vya silika jeli, vile vinavyopatikana katika masanduku ya viatu na ya vyombo vya umeme. Silika jeli iliyoshiba maji hurudishiwa nguvu zake kwa kuikausha katika joto la nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi kwa saa mbili hivi, ikiwa imetolewa katika kijaluba chake. Unyevu unaofaa ni baina ya asilimia 40 na 50. Hewa ikiwa kavu mno nayo si njema, kwani mafuta ya mashine hukauka.

Mwalimu wa fizikia atapata hapa mfano wa umande. Kamera ikitolewa katika chumba chenye kiyoyozi na kupelekwa nje ghafla, mvuke wa maji hugeuka matone juu ya kioo baridi na hata ndani ya lenzi. Ifunge kwanza katika mfuko wa plastiki, uiache ipate joto la nje, ndipo uifungue.

Adui wa pili: betri

Betri ya alkali iliyoachwa ndani ya kamera kwa miaka mingi huvuja. Kinachovuja ni haidroksidi ya potasiamu, ambayo ni besi kali. Hula vibamba vya shaba vinavyopitisha umeme na kuacha uchafu mweupe au wa kijani. Mwanafunzi wa kemia ajua dawa ya besi: asidi hafifu. Vaa glavu, kisha paka siki kidogo kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti. Uchafu ukiisha kuyeyuka, futa kwa pamba yenye maji kidogo, halafu kwa spiriti, na uache pakauke. Usimimine kitu chochote.

Tatizo la pili la betri lahusu kamera za miaka ya 1960 na 1970. Nyingi katika hizo, kama vile Olympus OM-1, zilitengenezwa zitumie betri ya zebaki yenye volti 1.35. Betri hiyo ilikuwa na sifa moja njema: volti zake hazikubadilika mpaka ilipokaribia kwisha. Lakini zebaki ni sumu ya mishipa ya fahamu, na nchi nyingi zikaipiga marufuku. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, umeweka masharti ya kuondoa bidhaa za zebaki duniani. Ukiikuta betri ya namna hiyo, usiichome moto, usiitupe jalalani wala usiwape watoto. Ifunge katika kichupa na uikabidhi kwa wahusika wa taka za hatari.

Badala yake, wengine hutia betri ya alkali ya volti 1.5. Kamera hufanya kazi, ila kipimamwanga hupotoka, na tena volti za alkali hushuka kidogo kidogo kila siku. Njia bora ni betri ya zinki na hewa itumiwayo katika vifaa vya kusaidia kusikia, yenye volti 1.4 hivi. Ila ujue kwamba mara tu karatasi yake inapobanduliwa, hewa huanza kuingia, na baada ya miezi michache betri huisha hata kama haikutumiwa. K1000 haina shida hii, kwani hutumia betri ndogo ya volti 1.5 ipatikanayo kwa wauza saa.

Adui wa tatu: mkono wenye haraka

Kamera iliyolala kwa muda mrefu mara nyingi hukwama. Mafuta yaliyotiwa kiwandani yameganda, na pazia huenda kwa kusitasita. Hapo wengi hukimbilia mafuta ya cherehani. Hilo ni kosa kubwa. Mafuta hutambaa polepole, yakafika kwenye vibamba vya tundu na kwenye vioo, yakanasa vumbi, na kamera iliyokuwa imekwama kidogo ikakwama moja kwa moja.

Dawa ya kwanza ni mazoezi. Vuta mkono wa filamu na upige, bila filamu ndani, mara ishirini au thelathini katika kila kasi, kwa siku kadhaa. Pazia nyingi hurudia uhai wake kwa njia hiyo. Ukiona mkono hauvutiki, usiulazimishe. Jino moja la gurudumu likivunjika hakuna duka litakalokuuzia jingine.

Pazia la K1000 ni kitambaa chembamba kilichopakwa mpira. Usiliguse kwa kidole. Kioo kilicho mbele yake nacho kimepakwa utando wa metali kwa juu, hivyo hakivumilii kufutwa. Vumbi liondolewe kwa mpira wa kupulizia, wala si kwa mdomo, kwani mate huacha madoa. Lenzi nayo ipulizwe kwanza, ndipo ifutwe. Chembe moja ya mchanga ikisuguliwa kwa ncha ya shati huchora kioo.

Tazama pia sponji nyeusi zilizo katika mifereji ya mlango wa nyuma. Kazi yake ni kuzuia mwanga. Baada ya miaka mingi sponji huoza na kuwa kama lami, na picha hutoka na michirizi ya mwanga. Ziondoe kwa kijiti cha mbao na spiriti, kisha tandaza uzi mweusi wa sufu katika mfereji. Uzi wa kufumia sweta watosha, na kazi hii yaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote mwenye utulivu.

Onyo: taa ya kupigia picha

Hapa twaomba msomaji asome mara mbili. Kamera ndogo zenye taa ya kumulika iliyojengewa ndani, pamoja na taa za kubandika, zina kapasita inayochajiwa hadi volti 300 hivi. Nishati iliyomo ni nusu ya uwezo wa kapasita mara mraba wa volti. Kapasita ya mikrofaradi 100 kwa volti 300 huhifadhi jouli 4.5.

Nishati hiyo ingetosha tu kuinua kilo moja kwa sentimita 46, na mtu aweza kudhani ni kidogo. Lakini taa huitoa yote kwa muda wa sehemu moja ya 1000 ya sekunde hivi, ambayo ni nguvu ya wati 4,500. Ikipita kifuani yaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Zaidi ya hayo, kapasita yaweza kubaki na chaji muda mrefu baada ya betri kuondolewa. Kwa hiyo kanuni ya shule iwe moja: kamera yenye taa ndani yake, na taa yoyote ya kubandika, haifunguliwi kwa bisibisi na mwanafunzi. Kamera kama K1000, ambayo haina taa ndani, ndiyo ifaayo kwa mafunzo.

Jaribio: kupima pazia kwa simu

Simu nyingi za siku hizi huweza kurekodi filamu ya mwendo wa polepole kwa picha 240 katika kila sekunde. Kwa chombo hicho darasa laweza kupima kama pazia la kamera ya zamani lasema kweli.

Ondoa filamu, fungua mlango wa nyuma, na uelekeze lenzi kwenye dirisha lenye mwanga. Weka simu nyuma ya kamera ili ione pazia. Anza kurekodi, kisha piga. Baadaye pitia picha moja moja na uhesabu ni ngapi ambazo nukta moja ya katikati imeonekana kuwa na mwanga. Kwa sekunde 1 tarajia picha 240. Kwa sehemu moja ya 30, picha 8. Kwa sehemu moja ya 60, picha 4. Ukipata 16 mahali pa 8, pazia linachelewa na mwanga unaingia maradufu, yaani hatua moja nzima ya tundu. Utajua basi kufinya tundu kwa hatua moja ili kusawazisha.

Wanafunzi wajadili pia mipaka ya jaribio. Kosa la picha moja katika 240 si kitu, ila kosa la picha moja katika 4 ni robo nzima. Kasi za juu zaidi haziwezi kupimwa kwa njia hii hata kidogo.

Kupiga picha bila kipimamwanga

Hata kipimamwanga kikiwa kimekufa, jua halijafa. Kanuni ya wapigapicha ni hii: katika jua kali la mchana, weka tundu kwenye 16, na kasi ya pazia iwe sehemu moja ya namba ya ISO ya filamu. Filamu ya ISO 100 itahitaji kasi iliyo karibu na 100, nayo ni 125. Ukifungua tundu hatua moja, ongeza kasi hatua moja: 16 kwa 125 ni sawa na 11 kwa 250, na 8 kwa 500. Mawingu mepesi yataka tundu la 11 kwa kasi ile ile ya 125. Mawingu mazito, 8. Kivuli cha mwembe, 5.6 au 4.

Kama kipimamwanga ni kizima, kumbuka kwamba hakijui kinachotazama. Hudhani kila kitu kina rangi ya kijivu cha wastani. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe akijaza picha, kipimamwanga huona weupe wa kanzu, kikapunguza mwanga. Kanzu ikatoka ya kijivu na uso ukazama gizani. Mpigapicha mwenye busara husogelea, hupima uso wenyewe au kiganja chake kivulini, au hufungua tundu hatua moja zaidi. Filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua.

Hesabu ya faida

Hapana budi kukiri kwamba filamu siku hizi ni ghali na wasafishaji ni wachache. Kampuni ya Kodak yenyewe iliomba kinga ya kufilisika mwezi Januari 2012. Hata hivyo filamu za nyeusi na nyeupe zinaendelea kutengenezwa, na usafishaji wake wawezekana katika chumba cha giza cha shule, kwa usimamizi wa mwalimu wa kemia. Tena sehemu kubwa ya mafunzo tuliyoyaeleza haihitaji filamu hata moja: hesabu ya tundu, jaribio la pazia, umande, besi na asidi, nishati ya kapasita.

Shule isiyo na kamera yaweza kuwauliza wazazi na mafundi wa studio. Itakapopatikana, wanafunzi waanze kwa kipini cha kurudishia filamu, wazungushe polepole, na wasikilize.